Kabla ya Kuvua Viatu

"Rudia," Karoli alisema. "Lirudie hilo swali lako polepole. Masikio yangu yameharibiwa na mashine za kiwandani, pengine nimesikia vibaya."

"Hujasikia vibaya, kaka. Nimeuliza kama humu ndani kuna bunduki."

"Na umeuliza ukiwa umesimama."

"Nimesimama, ndiyo."

"Na viatu mguuni."

"Viatu mguuni."

Karoli akageukia jikoni, ambako mkewe Leya alikuwa anasonga ugali wa muhogo wa kulia kisamvu, sombe kama alivyokiita yeye, na sasa mwiko ulikuwa umemsimama mkononi. "Mama Séphora, umemsikia wifi yako? Tumetoka tumbo moja. Kaondoka Louisville asubuhi, kaendesha gari kwa saa tatu na nusu mpaka hapa Hilliard, hajasema hata njia ilikuwaje, ananipekua mlangoni kama askari wa mpakani."

"Askari wa mpakani hakuulizi," Fides alisema. "Anamwaga mizigo yako chini tu. Mimi nimekuuliza."

"Basi nikushukuru!"

"Usinishukuru. Nijibu."

Fides hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Katika hospitali ya Louisville alikohudumia wagonjwa wa mashine za kupumulia, wenzake walimsukumia yeye kazi ya kuziambia familia yale ambayo hazikutaka kuyasikia, kwa sababu aliyasema kwa sentensi moja, kisha akavuta kiti akakaa nao. Stashahada yake ya chuo aliisomea akiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, na hakuwahi kuona sababu ya kuisifia wala kuionea haya. Lakini leo kiti hakukivuta. Alibaki kwenye zulia la mlangoni, kando ya safu ya viatu vya wenye nyumba, mkoba begani na fomu moja mkononi. Nje, ndani ya gari, wanawe wawili, Samsoni na Spés, walikuwa wameambiwa wasifungue mikanda mpaka mama yao arudi.

Mpango ulikuwa mwepesi. Yeye na Karoli waende Buffalo, mwendo wa saa tano zaidi, kwa Angelika aliyefiwa na mtoto, jirani yao wa zamani katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Watoto wabaki siku nne na Leya, kwa kuwa baba yao alikuwa na zamu zisizobadilishika kwenye ghala huko Okolona, mtaa wao wa Louisville. Kulikuwa na jambo moja tu la kumaliza kwanza.

Swali lenyewe hakulibuni leo. Mwaka uliopita kijana mmoja wa kanisani kwao alikufa kwenye maegesho ya magari, mwenzake akimwonyesha bastola ya baba yake. Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wanacheka. Baada ya maziko kina mama kumi na mmoja walikaa sebuleni kwa Adolphine, kule Okolona. Walikuwa wameshawasha mishumaa, wameshaandamana, wameshamsikiliza kila mwenye kipaza sauti. Fides akauliza, "Haya. Jumatatu asubuhi sisi tunafanya nini?" Wakabishana mpaka chai ikaisha, na mwishowe wakatoka na kitu kidogo sana. Kabla mtoto wako hajalala au kucheza kwa mtu, uliza kama kuna bunduki, na kama ipo, uliza imefungiwa wapi. Na uliza kabla ya kuvua viatu. Hilo la viatu aliliongeza Fides mwenyewe. Ukishavua viatu umekuwa mgeni, na kwao mgeni hamuulizi mwenyeji kilichomo chumbani mwake. Mgeni anakula, anasifia, anaondoka.

"Wakwe zangu watanirudisha kwetu," Adolphine alikuwa amesema, na wote wakacheka, lakini aliuliza. Wote waliuliza. Fides aliuliza nyumba tisa, akafukuzwa kwa maneno mazuri katika nyumba moja na kwa maneno mabaya katika nyingine. Hospitali ilikuwa ikigawa bure kufuli za waya za kufungia bunduki, naye alikuwa na boksi zima kwenye buti ya gari. Alizigawa kama pipi.

Nyumba ya kumi ilikuwa hii.

"Nyumba yangu," Karoli alisema, akiketi kwenye kochi kama hakimu, "haina kitu chochote kinachomhusu mtoto."

"Hiyo si ndiyo wala si hapana."

"Ni jibu la mtu mzima."

"Kaka, mimi kila siku nauliza watu kama wanavuta sigara. Asiyevuta anasema hapana. Anayevuta ananiambia habari za baba yake aliyevuta mpaka miaka tisini."

Leya alicheka jikoni, akajizuia. Karoli hakucheka.

"Fides. Nilikuwa na miaka kumi na minne tulipotoka kwetu. Wewe minne. Nilikubeba mgongoni siku sita mpaka tukauvuka Mto Malagarasi. Umenikojolea mgongoni, nikakubeba. Umenilia sikioni nisisikie hata milio ya nyuma yetu, nikakubeba. Kuna mtu alisimama njiani akauliza kama mgongo wangu uko salama?"

Fides alijua hili lingekuja. Tangu Louisville mpaka daraja la Cincinnati alikuwa amelisubiri, na bado lilimpiga kifuani. Baba yao aliuawa, akabaki uani kule nyuma. Tangu siku ile baba yake alikuwa Karoli. Karoli ndiye aliyemwandikisha shule kambini, ndiye aliyepokea mahari yake, ndiye aliyemfokea mume wake mara moja ilipobidi. Mtu hamuulizi baba yake maswali ya namna hii.

"Hapakuwa na wa kuuliza," alisema. "Sasa yupo."

"Hospitali imekuharibu."

"Pengine. Unajua mtoto wa Angelika amekufaje?"

"Mimi ndiye niliyeandika tangazo la msiba kwenye kundi," Karoli alisema. "Ajali ya nyumbani."

"Ajali gani?"

"Ajali, Fides! Ngazi. Mafuta ya moto. Mtu hamhoji mama aliyefiwa. Shemeji yake kanipigia, kasema ajali ya nyumbani, nikaandika ajali ya nyumbani."

"Angelika alinipigia juzi mwenyewe. Mtoto alikuwa kwa baba yake mdogo, hapohapo Buffalo, wanacheza kujificha. Binamu yake wa miaka tisa akajificha chini ya kitanda cha wakubwa. Akakuta bastola kwenye kiatu. Akatoka nayo kumtisha mwenzake. Mtoto wa Angelika alikuwa na miaka saba, kaka. Binamu yake wala hakumlenga."

Mwiko ukaanguka kwenye sufuria.

"Mungu wangu," Leya alisema. "Mungu wangu. Na sisi tunaandika ajali."

Karoli alitazama mikono yake. Alikuwa na mikono mikubwa, yenye alama za kuungua kwenye vidole, kumbukumbu ya miaka ya kiwanda cha plastiki. Akaisugua, akaiweka magotini, akaiinua tena. Fides aliyaona hayo yote, lakini akayasoma vibaya. Alidhani ni huzuni.

Leya akatoka jikoni akijifuta kwa kitenge. Alizaliwa Uvira, bado aliongea Kiswahili cha kule chenye Kifaransa ndani, na ukali wake ulikuja na kichekesho mbele na kisu nyuma. "Bon. Sikia, wifi. Bwana huyu ataongea habari za mgongo wake mpaka kesho. Mimi ndiye ninafagia hii nyumba, mimi ndiye ninageuza magodoro. Hakuna bunduki humu. Umetosheka? Vua viatu, mukule, sombe inapoa. Mutabishana mukishiba."

Fides akaushusha mkoba begani. Hilo lilikuwa jibu. Neno moja, hakuna, kutoka kwa mtu aliyeijua kila kona. Akamtazama kaka yake, akaona aibu, akataka kumwomba radhi, akaona radhi ingesubiri chakula. Akainama, akafungua kamba za kiatu cha kulia, akakivua na kukiweka kwenye safu.

"Nisainie hii kwanza, wifi," alisema akiwa ameinama vilevile, akinyoosha fomu. "Ni ruhusa ya kuwapeleka watoto hospitali wakiumwa. Wanataka namba ya kitambulisho chako."

"Namba nani anaikumbuka?" Leya akapaza sauti kuelekea ngazi. "Séphora! Muletee mama mufuko wa IOM! Kabatini kwa papa, juu!"

Kila nyumba ya wakimbizi waliosafirishwa na shirika la uhamiaji la IOM, kama wao, ina mfuko ule. Ni wa plastiki nyeupe, una herufi za buluu, na una kitanzi cha kuvaa shingoni. Siku ya safari mnaambiwa msiuachie, humo ndimo mna picha za vifua vyenu, viza zenu, majina yenu; mkiupoteza uwanja wa ndege hamtakuwa watu wa popote. Miaka inapita, watu wanapata uraia, wananunua makabati yenye droo, lakini hati zinarudi kwenye mfuko uleule. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, karatasi za nyumba. Na mtoto anayetumwa anajua ulipo kuliko anavyojua ilipo chumvi.

"Mwache!" Karoli alisema.

Aliruka kutoka kwenye kochi. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, miaka miwili sasa hakupanda ngazi bila kushika ukuta. Leo hakushika ukuta. "Mwache! Séphora, usiguse! Nitauchukua mwenyewe!"

Lakini Séphora alikuwa mtoto wa miaka sita, mwepesi, na alikuwa ameshatumwa. Walimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anashuka, ameshika kitanzi, mfuko unagonga kila ngazi nyuma yake. Du. Du. Du.

Karoli akamkuta katikati. Akaunyakua mfuko kwa mikono miwili, akaugeuza uelekee ukutani, akaukumbatia.

Mtoto akashtuka. Kwa Kiingereza chake cha haraka akasema hajafanya kosa lolote, mama ndiye aliyemtuma, na midomo ikaanza kumtetemeka.

"Unamunyang'anya mutoto juu ya nini?" Leya aliuliza.

Fides alibaki na kiatu kimoja mguuni. Yeye hakuhitaji jibu. Miaka kumi ya kutazama nyuso za watu kwenye vitanda ilimtosha.

"Séphora, mwanangu," alisema kwa sauti ile anayoitumia kazini, ya chini kabisa. "Nenda nje kawasalimie kina Spés. Waambie shangazi kasema wafungue mikanda, mcheze kwenye nyasi. Msirudi mpaka niwaite."

Mlango ulipofungwa, Karoli alikaa kwenye ngazi, palepale alipokuwa, mfuko mapajani.

"Kaka. Imo humo?"

Akaitikia kwa kichwa.

Leya alimtazama mumewe kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Alikwenda polepole mpaka chini ya ngazi, akashika nguzo.

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

"Tangu tuhamie," Leya alirudia. "Donc Jumatatu ilikuwa humo."

"Jumatatu nilikuwa kazini."

"Najua ulikuwa kazini. Jumatatu nilitaka cheti cha Séphora, cha shule. Mikono yangu ilikuwa na unga. Nikamwambia aulete mufuko. Nikamwambia atafute mwenyewe, ni karatasi ya kijani. Akaingiza mkono." Leya alionyesha, akiingiza mkono wake mwenyewe kwenye hewa. "Akaniambia, mama, kuna kitu kigumu kwenye soksi. Nikamwambia aache vitu vya baba yake. Karoli. Nilimwambia aache vitu vya baba yake, akaacha. Kama asingelikuwa mutoto wa kusikia?"

Karoli akaukunja mdomo wa mfuko.

"Ilikuwa na risasi?" Fides aliuliza.

"Ilikuwa na risasi."

Leya akaketi chini, juu ya sakafu, akafunika kichwa kwa kitenge. Hakulia. Alikaa tu humo ndani ya kitambaa, kama mtu aliyefunga mlango.

Fides angeweza kusema mengi. Alikuwa ameyaandaa tangu Louisville, na yote sasa yalikuwa na haki yake. Lakini mtu aliyekaa pale kwenye ngazi alikuwa amezeeka kwa dakika tatu, na kumpiga aliyeanguka hakukuwa na faida. Akavuta kiti cha mezani, akakiweka chini ya ngazi, akakaa.

"Niambie," alisema.

"Unajua."

"Najua kidogo. Niambie."

Karoli aliongea akiutazama mfuko. Unaikumbuka ile Jumamosi ya Mei, alisema, kijana mzungu alipoingia na bunduki kwenye lile duka la vyakula Buffalo, akaua watu weusi kumi. Sisi tulikaa mitaa minne kutoka pale. Leya alikwenda pale kila Jumamosi, saa ileile. Siku ile Séphora alikuwa na homa, ndiyo maana hakwenda. Homa tu. Nikasikia ving'ora, nikahesabu watu wangu chumbani, wote walikuwepo, nikawahesabu tena. Jioni nikakuta nimesogeza kabati mlangoni. Sikukumbuka kulisogeza. Ndivyo baba alivyofanya kwetu, unakumbuka? Huwezi kukumbuka. Alisogeza kabati, na kabati halikusaidia, na hakuwa na kitu kingine.

"Tukahamia hapa kwa sababu watu walisema huku Columbus kumetulia. Sikulala. Mwenzangu wa kazini akanipeleka dukani, nikanunua kama mtu anavyonunua dawa ya kichwa. Nikalala. Ukweli ni huo, Fides, nililala. Siwezi kukudanganya."

"Kwa nini humo?"

Alionekana kama swali hilo lilimshangaza kuliko yote. "Niweke wapi pengine? Kila kilichotuokoa kimo humu."

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za mchezo. Fides aligundua kwamba alikuwa anazihesabu sauti zao. Moja, mbili, tatu. Akarudia. Akajikuta anamwelewa kaka yake kuliko alivyopenda.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Krismasi tulikuwa hapa. Wanangu walilala juu siku nne, chumba cha pili kutoka kabati hilo. Nilikuwa na swali mdomoni na kufuli kwenye buti. Sikukuuliza. Nimewauliza watu wa Okolona ambao siwajui majina ya ukoo, nikarudi kwenye kikao nikasema nimeuliza kote. Wewe nilikuruka. Nilisema moyoni, huyu ni Karoli."

"Na leo?"

"Juzi Angelika kanipigia simu. Kaniambia, Fides, shemeji yangu ni mtu mzuri, sikuwahi kumwuliza kitu."

Leya alishusha kitenge kichwani. "Hiyo kufuli," alisema, sauti kavu. "Iko namna gani?"

Fides akatoka akiwa na kiatu kimoja, akachechemea mpaka kwenye gari, akarudi na kufuli moja ya waya na funguo zake mbili. Karoli aliitoa bastola kwenye soksi. Ilikuwa soksi ya zamani ya Séphora, ya mtoto mchanga, yenye maua. Akachomoa magazini ya risasi, akaivuta bastola sehemu ya juu kwenda nyuma, akatazama ndani, akamwonyesha Fides, naye akatazama. Risasi moja ikaviringika ngazini, ikasimama kando ya kiti cha Fides. Fides akapitisha waya kama alivyofundishwa, ukaingia juu na kutokea chini. Akafunga. Kilikuwa kitu kidogo na kizito, na sasa hakikuweza kufanya lolote.

"Basi," Karoli alisema. "Imefungwa. Watoto wabaki, sisi twende Buffalo."

"Imefungwa," Fides alikubali. "Nimefurahi. Lakini wanangu nitakwenda nao. Si kwa hasira, kaka, na sitakutangaza popote. Ukishazoea kuifunga, wakati mwingine watakuja."

"Kwa hiyo hata kufuli haikutoshi."

"Kufuli inatosha kama mwenye ufunguo anaitumia kila siku. Hilo silijui bado. Wewe pia hulijui."

"Na ufunguo unakaa wapi?" Leya aliuliza kutoka sakafuni. "Kwenye mufuko wa IOM?"

Ilikuwa dhihaka, lakini Fides alimwona Karoli akiufungua mdomo kujibu, kisha akiufunga. Maana ndipo hasa alipokuwa anakwenda kuuweka. Mkono wake wenye funguo ulikuwa umeshaelekea kwenye mfuko.

Karoli aliutazama mkono huo. Akazitazama ngazi. Mtu angeweza kudhani anazihesabu, zilikuwa kumi na tatu; leo mfuko ulikuwa umegonga nusu yake, Jumatatu zote.

"Polisi wanapokea?" aliuliza.

"Nini?"

"Bastola. Mtu akiwapelekea. Wanapokea, au wanampiga risasi mtu mweusi aliyeingia na bastola mlangoni?"

Lilikuwa swali la kweli, na Fides hakulijibu kwa kubahatisha. Alichukua simu, akapigia kituo cha polisi, namba ya kawaida isiyo ya dharura, akauliza kwa Kiingereza chake cha hospitali, akaweka sauti ya wazi ili Karoli asikie. Mwanamke wa upande wa pili alionekana kulizoea swali. Isiwe na risasi. Iwe kwenye buti. Mje mkaegeshe mbele, iacheni ndani ya gari, ingieni mikono mitupu, semeni mnachotaka. Ofisa atatoka nanyi kuichukua.

"Mikono mitupu," Karoli alisema simu ilipokatika.

"Mikono mitupu."

"Na usiku nitalalaje?"

"Sijui," Fides alisema. "Vibaya, mwanzoni. Hospitali yenu hapa ina watu wa kuongea na wasiolala. Nitakutafutia namba Jumatatu, na nitakupigia kukuuliza kama umekwenda. Unajua nitakuuliza."

"Najua," Karoli alisema, na kitu kama kicheko kikapita puani mwake. "Jirani zangu wote watajua utaniuliza." Akasimama, akashika ukuta safari hii, akashuka ngazi. "Twende. Twende sasa hivi kabla sijakaa tena."

Fides akavaa kiatu chake. Nje akafungua buti, akatoa mabegi ya wanawe, la Samsoni la bluu na la Spés lenye paka, akayaweka kwenye nyasi. Palipokuwa na mabegi Karoli akaweka kile kitu na waya wake, na risasi kwenye boksi lingine, mbali. Leya alisimama mlangoni na watoto watatu mbele yake, mikono imewakusanya.

"Bebeni mabegi yenu ndani," Fides akawaambia wanawe. "Mle. Mama Séphora asiwaambie kitu mara mbili."

"Mama, hulali hapa?" Spés aliuliza kwa Kiingereza.

"Nakwenda mahali na mjomba, narudi kula, kisha ndipo mimi naye tunakwenda Buffalo, nyinyi mnabaki. Vueni viatu mlangoni."

Karoli alikuwa amekuja na mfuko wa IOM, kwa mazoea, kitanzi shingoni kama siku ile ya ndege. Alisema labda wangetaka karatasi ya dukani. Taa nyekundu zilikuwa nyingi. Kwenye moja aliuliza, bila kugeuka, "Angelika anataka isemwe? Ilivyokuwa?"

"Alinipigia aniambie. Hakuniambia nifiche."

"Nitamwuliza mwenyewe tukifika. Akikubali, nitaliandika upya lile tangazo."

Kituo kilikuwa jengo fupi la matofali, bendera mbele, maua yaliyomwagiliwa vizuri. Fides akaegesha pale walipoambiwa, akazima gari, akafungua mkanda.

"Nitaingia mimi," alisema. "Nina kitambulisho cha hospitali. Wewe kaa."

"Hapana."

"Kaka, si lazima—"

"Niliinunua mimi." Karoli alivua kitanzi shingoni, akaunyoosha mfuko juu ya mapaja ya dada yake. "Nishikie huu."

Ulikuwa mwepesi. Karatasi peke yake. Akaushika kwa mikono miwili, akamtazama akishuka, akinyoosha goti, akijipapasa mifuko ya suruali kuhakikisha haina kitu. Kisha Karoli akaiachia mikono yake mikubwa pembeni, vidole vimefunguka ili kila mtu avione, akavuka maegesho, akausukuma mlango, akaingia.